Adui na Hadithi Yake

Binadamu hupenda kuumba. Mtoto akipewa mchanga hujenga mji. Akipewa vijiti huunda jeshi. Na asipopewa kitu hufanya mji na jeshi kwa maneno matupu. Mapenzi hayo hayamtoki mtu anapokuwa mzima, ila hubadili vyombo vyake. Mmoja hutunga riwaya, mwingine hutunga tenzi, na katika miaka 50 iliyopita wamezuka watunzi wa namna ya tatu, ambao hubuni ulimwengu mzima, wenye ardhi na bahari, miungu na mataifa, si kwa ajili ya kusomwa bali kwa ajili ya kuchezwa. Kazi hiyo ni ya furaha, na wengi huidhani kuwa haina dhima. Ni nani, huuliza, awezaye kudhulumiwa katika nchi isiyokuwapo? Swali hilo kwa juu huonekana jepesi. Walakini likitiwa katika mizani huonekana kuwa zito kuliko milima yote ya nchi hizo za kubuni, na uzito wake hukaa mahali pamoja: pale mtunzi anapofikia kumuumba adui.

Mchezo wenyewe unahitaji kuelezwa. Watu wachache, yamkini wanne au watano, huketi kuizunguka meza. Mbele yao pana karatasi, kalamu na dadu, na baadhi ya dadu hizo zina pande 20. Kila mchezaji hujitwalia nafsi ya mtu mmoja wa kubuni, awe askari, mwizi, mchawi au kasisi, akasema na kutenda kwa jina lake. Mmoja wao peke yake hajitwalii nafsi moja, bali huibeba dunia yote iliyosalia: mvua yake, wafalme wake, wanyama wake na maadui wake. Huyo ndiye msimamizi wa mchezo. Huwaambia wenzake kwamba wamefika mlangoni mwa pango, na kwamba ndani yake sauti zasikika. Kisha huwauliza watafanya nini. Wao hujibu, dadu hurushwa, na kisa huendelea. Mchezo wa kwanza wa jinsi hii kuchapishwa na kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulikuwa vijitabu vitatu katika sanduku moja, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Kutoka katika sanduku hilo dogo umetoka ukoo mkubwa wa michezo ambao leo umeenea duniani.

Kati ya dunia ya kitabu na dunia ya mchezo ipo tofauti moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote. Mwandishi wa riwaya huianza dunia yake na kuimaliza mwenyewe. Msomaji aweza kulia au kucheka, lakini hawezi kumzuia shujaa asichomoe upanga. Mtunzi wa dunia ya mchezo huanza tu. Wanaomaliza ni wengine, asiowajua, katika nyumba asizopata kuziona. Afananaye naye zaidi ni mtambaji wa hadithi katika pwani ya Afrika Mashariki, ambaye hawezi kusogea hatua moja mpaka aseme "Paukwa!" na wasikilizaji waitike "Pakawa!" Hata hivyo, mtambaji akisha kuitikiwa huwa na njia yake, ambapo mtunzi wa mchezo huwapa wasikilizaji upanga wenyewe. Tendo la mwisho, jema au ovu, si la mtunzi tena. Ni la mkono ulioshika dadu.

Kwa sababu hiyo baadhi ya watu husema kwamba mtunzi hana lawama: yeye ametoa meza tu, na kila mtu ale apendacho. Hoja hii ina nusu ya kweli. Mtunzi hachagui tendo, lakini huchagua mambo ambayo juu yake tendo litachaguliwa. Kama amezijenga njia mbili, mchezaji ataziona mbili. Kama amejenga moja, mchezaji atapita hiyo hiyo, na huku akijidhani huru.

Mfano wa hakika upo, na wachezaji wa zamani huukumbuka vizuri. Karibu na mwaka 1980 watu wengi waliojifunza Dungeons & Dragons walianza na kisa kilichotungwa na Gary Gygax, kiitwacho The Keep on the Borderlands. Ndani yake imo ngome moja ya watu waliostaarabika, na mbele ya ngome hiyo lipo bonde lenye mapango, ambamo makabila mbalimbali ya viumbe wabaya huishi. Kati yao ni maorki, viumbe wanaotembea kwa miguu miwili kama watu, wenye silaha na wakuu wao. Wachezaji hutoka katika ngome, huingia katika mapango, huua na kuchukua mali. Lakini mtunzi alikuwa mwangalifu katika hesabu zake. Alipoeleza vyumba vya mapango hakuandika askari tu. Aliandika pia wanawake, na watoto wasiopigana. Hivyo basi, mezani, katika nyumba nyingi, ilifika saa ambayo askari wa mwisho wa maorki amekwisha kuanguka, na msimamizi akasoma katika kitabu kwamba katika chumba cha ndani wamebaki watoto. Kisha akauliza kama ilivyo desturi: mtafanya nini?

Saa hiyo ndiyo kiini cha jambo hili. Kitabu kilikuwa kimekwisha kujibu kabla ya swali. Katika orodha ya viumbe ya mchezo huo, iliyotolewa mwaka 1977, kila kiumbe kiliandikiwa mwelekeo wa tabia yake, kama vile bidhaa huandikiwa bei. Orki aliandikiwa uovu. Haikuwa tabia ya orki huyu au yule, aliyekosa malezi au aliyekasirishwa. Ilikuwa tabia ya maorki. Ikiwa ni hivyo, yule mtoto pangoni ni mwovu ambaye bado hajakua, na rehema kwake ni ujinga. Mchezaji mmoja husema auawe. Mwingine husema aachwe. Wa tatu huudhika na kusema kwamba hakuja mchezoni kuulizwa maswali ya namna hiyo. Wote watatu wamefikwa na jambo lisilotatulika, kwa sababu waliombwa kuamua juu ya kiumbe ambaye hali yake imekwisha kuamuliwa.

Shida hii haikuzaliwa mezani. Maorki walikuja katika mchezo kutoka katika vitabu vya J. R. R. Tolkien, mwanachuoni wa lugha katika chuo kikuu cha Oxford, ambaye riwaya yake kubwa, The Lord of the Rings, ilitoka katika miaka ya 1954 na 1955. Tolkien alikuwa ameifikiri kazi ya kuumba ulimwengu kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Katika mhadhara alioutoa huko St Andrews, Scotland, mwaka 1939, alifundisha kwamba binadamu huumba kwa kuwa yeye mwenyewe ameumbwa, na kwamba dunia ya kubuni ni uumbaji mdogo ulio chini ya uumbaji mkubwa. Mtu mwenye imani hiyo hawezi kuwatazama maorki kwa amani. Kama kila kilichoumbwa asili yake ni njema, taifa zima lililo ovu tangu tumboni limetoka wapi? Katika rasimu ya barua ya mwaka 1954 alikaribia kusema kwamba maorki hawawezi kuokoka, akajizuia, kwa kuwa aliona kwamba kusema hivyo ni kupita kiasi. Maandishi yake ya baadaye, yaliyochapishwa na mwanawe mwaka 1993, yanamwonyesha akijaribu asili moja baada ya nyingine: pengine walikuwa Elfi walioharibiwa, pengine watu, pengine wanyama waliofundishwa kusema. Alikufa mwaka 1973 bila ya kulifunga swali hilo.

Jambo la kutazamwa ni kwamba mtu huyo huyo alijua njia nyingine. Katika riwaya yake mtumishi mmoja, Sam, anaona kwa mara ya kwanza vita vya watu na watu, na askari wa upande wa adui, mtu wa kusini, anaanguka karibu naye amekufa. Sam hafurahi. Hujiuliza jina la mtu yule ni nani, ametoka wapi, kama kweli moyo wake ulikuwa mbaya, na ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao akaja kufa mbali hivyo. Fikira hiyo haichukui hata ukurasa mmoja. Lakini kwa kipindi hicho kifupi adui ana nyumba aliyoiacha, na msomaji hawezi tena kumsahau. Maorki walioanguka kwa maelfu katika kurasa nyingine hawakupata hata sentensi moja ya namna hiyo.

Haki yadai kwamba upande wa pili nao usikilizwe, kwa kuwa haukosi hoja. Wautetezi wa adui mwovu husema kwamba mchezo ni mapumziko. Mtu ameshinda mchana kutwa katika shaka: tajiri wake amemwonea, lakini pengine ana shida zake, jirani amemkosea, lakini pengine hakukusudia. Usiku, mbele ya rafiki zake, ataka saa mbili za dunia ambamo uovu una sura na upanga una kazi. Husema pia kwamba hadithi za mataifa yote zina viumbe wa namna hiyo. Zimwi la hadithi za Waswahili hula watu, na mwisho wake huuawa. Hapana mtoto aliyeharibika tabia kwa kufurahia mauti ya zimwi. Tena husema kwamba orki si mtu, ni mfano. Amuuaye katika mchezo huua tamaa, ukatili na woga, na kwa kufanya hivyo hujifunza kuvichukia.

Hoja hizi zingetosha kama orki angalikuwa zimwi. Zimwi la hadithi ni moja. Halina kijiji, halina mfalme, halina mlezi wala mlelewa; hutoka msituni kama vile ugonjwa utokavyo pasipojulikana, na likifa limekwisha. Huo ndio mfano wa kweli, na mfano waweza kuchukiwa pasipo dhambi. Lakini mfano hauna watoto wachanga. Mara mtunzi anapohesabu vitanda vya pangoni, akaandika hawa ni wanaume, hawa ni wanawake, hawa ni watoto wasiopigana, ameacha kuchora mfano na ameanza kuchora taifa. Hawezi tena kukimbilia kwenye kinga ya mfano. Ametaka mali mbili kwa bei ya moja: uhai wa taifa, ili pango liwe la kusadikika, na wepesi wa zimwi, ili kuua kusiwe na uzito.

Nani basi amedhulumiwa? Hapana shaka si orki, kwa sababu orki hayupo. Wengi waliolijadili jambo hili hukosea hapa. Huwatetea viumbe wa karatasi kana kwamba wangeweza kuumia. Aliyedhulumiwa ni mchezaji. Yeye alikuja mezani kuwa shujaa, na ushujaa ni tendo la hiari. Thamani ya kumsamehe adui hutokana na kwamba angeweza kuuawa. Thamani ya kumpiga hutokana na kwamba alipimwa kwanza akaonekana anastahili. Penye adui aliye mwovu kwa kuzaliwa, kusamehe ni upumbavu na kupiga si uamuzi. Adui amenyimwa hiari, na kwa upanga uo huo shujaa naye amenyimwa yake. Wamefungwa kamba moja, ingawa mmoja wao amevishwa taji. Mtunzi aliyedhani kwamba kwa kumchafua adui anamsafisha shujaa, kwa kweli amewaondoa wote wawili katika uwanja wa wema na uovu, akawaacha katika uwanja wa kufagia na kufagiwa.

Na mkono uliozoea kufagia pasipo kuuliza hauachwi mezani mchezo unapokwisha. Haisemwi kwamba mchezaji wa dadu atatoka akamdhuru jirani yake. Huo ungekuwa uzushi. Linalosemwa ni dogo zaidi, na la hakika zaidi: kwamba katika historia ya wanadamu dhuluma nyingi kubwa juu ya mataifa zilitanguliwa na hadithi kwamba taifa fulani ni baya kwa kuzaliwa, na kwamba mtu aliyeizoea hadithi hiyo katika furaha zake huwa mzito kuishtukia inaposimuliwa kwa makusudi.

Njia nyingine ilionyeshwa mapema na mtu ambaye alianza kuumba kabla ya mchezo wenyewe kuwapo. Mwaka 1966 Greg Stafford, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Beloit katika jimbo la Wisconsin, alianza kuandika visa vya ulimwengu aliouita Glorantha. Mwaka 1975 ulimwengu huo ulitolewa katika mchezo wa vita wa ubao, White Bear and Red Moon. Na mwaka 1978 ukawa makao ya RuneQuest, mchezo uliotungwa na Steve Perrin na wenzake. Stafford aliendelea na kazi hiyo kwa njia moja au nyingine hata alipofariki mwaka 2018. Alikuwa mpenzi wa hadithi za asili za mataifa, na alijua jambo ambalo wengi wa watunzi walilisahau: kwamba hadithi ya asili haisemwi na dunia, husemwa na watu. Kila taifa husimulia mwanzo wa vitu likiwa limesimama mahali pake.

Kisa kikubwa cha Glorantha ni hiki. Orlanth, mungu wa dhoruba, alimuua Yelm, mungu wa jua, aliyekuwa mfalme wa ulimwengu. Wafuasi wa Orlanth husema kwamba Yelm alikuwa mtawala mkavu asiyeacha kitu kipumue. Wafuasi wa Yelm husema kwamba Orlanth ni mwasi aliyeuangusha utaratibu kwa kijicho. Mtunzi hakumtawaza mmoja kuwa mkweli na kumfanya mwingine mwongo. Aliziacha hadithi zote mbili zikae ulimwenguni, kama zinavyokaa hadithi za majirani. Lakini kwa matokeo ya tendo hilo hapana ubishi. Jua lilipokufa giza liliifunika dunia, Machafuko yakaingia, na viumbe vyote vikakaribia kuangamia. Ndipo Orlanth, shujaa mwenyewe, akatambua kosa lake. Akashika safari na wenzake kwenda chini katika nchi ya wafu, akasimama mbele ya yule aliyemuua, wakapatana. Na kwa mapatano yao jua likapanda tena. Katika ulimwengu huu asubuhi yenyewe ni tunda la toba ya mshindi.

Yapo zaidi. Chini ya ardhi, katika giza lililokuwa jema na tulivu, waliishi watu wa giza ambao hujiita Uz. Katika michezo mingine viumbe wa aina yao ni majitu ya kuuawa tu. Yelm alipokufa alishuka huko chini pamoja na mwanga wake, na mwanga huo ukaichoma nchi yao. Wakakimbia, wakapanda juu ya ardhi, mahali palipokuwa geni na chungu kwao, na huko wamekaa tangu hapo. Baadaye laana iliwapata vitani, na wengi wa watoto wao huzaliwa wadogo na dhaifu. Wanaye mama wa taifa, mungu Kyger Litor. Wanazo heshima zao na huzuni zao. Mwaka 1982 Stafford na Sandy Petersen walitoa kazi nzima juu yao, Trollpak, ambayo husimulia historia kama Uz wenyewe wanavyoijua. Mchezaji aliyefuata dini ya Orlanth na kuwachukia Uz kwa sababu hula kila kitu, hata watu, akiisoma kazi hiyo hugundua kwamba wao ni wakimbizi, na kwamba pigo lililowatoa kwao ni pigo la mungu wake mwenyewe.

Uz hawakufanywa wapole kwa sababu hiyo. Wanatisha bado, usiku wakishuka kijijini, mwenye mji afunge mlango au ashike mkuki. Waswahili husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo husemwa kwa tahadhari, kwa kuwa haidai kwamba zimwi limekuwa rafiki. Yasema tu kwamba kujuana huacha kitu kisiliwe. Ndivyo ilivyo pande zote mbili. Mchezaji aijuaye hadithi ya Uz aweza bado kupigana nao, na pengine atawashinda, lakini hatapigana kama mtu anayefagia. Kuna kitu atakachokibakiza. Na akikosa kukibakiza, atajua kwamba amefanya chaguo, na chaguo hilo litakuwa lake.

Wala isidhaniwe kwamba Glorantha imeitakasa kazi hiyo kabisa. Imo pia jamii ya viumbe waitwao broo, wana wa Machafuko, wenye kueneza maradhi, ambao katika visa vingi hupewa nafasi ile ile waliyopewa maorki. Yaelekea kwamba kila mtunzi hufika mahali ambapo huruma yake huchoka. Aidha yupo shahidi mwingine, mchungu zaidi, wa kuonya kwamba utajiri wa utunzi si dhamana ya moyo. M. A. R. Barker, profesa wa lugha za Asia ya Kusini katika chuo kikuu cha Minnesota, aliujenga ulimwengu wa Tékumel, akauchapisha katika mchezo wa Empire of the Petal Throne mwaka 1975. Aliutungia lugha kamili zenye sarufi, dini na ukoo wa wafalme; wengi waliusifu kwa kutoka nje ya desturi za Ulaya. Alifariki mwaka 2012. Mwaka 2022 taasisi inayotunza kazi zake ilikiri kwamba yeye ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya ya mwaka 1991 iliyotetea itikadi ya Manazi. Mtu aliyeweza kuwapa viumbe wa kubuni sarufi na nasaba aliwanyima wanadamu walio hai haki ya kuwa watu. Kwa hiyo haitoshi kuumba mataifa mengi na kuyapamba. Mwenye kukusanya vipepeo naye huwapamba.

Wauzaji wa mchezo ule wa kwanza nao wamelihisi joto la swali hili. Mwezi wa Juni mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye kumiliki Dungeons & Dragons, ilitangaza kwamba maorki wataelezwa kuwa watu wenye tabia na desturi mbalimbali kama watu wengine. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangaza kwamba itaacha neno lenye maana ya mbari. Na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 orki ni mmoja wa jamii ambazo mchezaji yeyote aweza kujitwalia. Wapo waliosifu na wapo waliokasirika. Wote wawili wana sehemu ya haki. Kufuta neno baya ni jambo jema, lakini ni kazi ya siku moja. Orki aliyeondolewa uovu wake pasipo kupewa kitu kingine mahali pake hakupata hadithi, amepata ukimya. Jana alikuwa adui asiye na sababu, leo ni jirani asiye na sababu. Anayemfuta adui na anayemlaani wamekwepa kazi moja, nayo ni kumsikiliza.

Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Mtunzi ambaye usiku huu anachora ramani ya nchi yake ya kwanza, na ambaye amekwisha kuweka nyuma ya milima watu wa kutisha ili rafiki zake wapate wa kupigana nao, aweza kuifanya kabla ya taa kuzimwa. Na awaulize watu wale wanajiitaje kwa kinywa chao, maana jina la adui karibu kila mara ni jina alilopewa na wengine. Na awaulize walikuwa wapi kabla ya kuja nyuma ya milima. Mwisho, na hili ndilo zito, awaulize wanasimuliaje siku walipokutana kwa mara ya kwanza na mashujaa wake. Kama jibu la swali la tatu halimwaibishi shujaa hata kidogo, mtunzi aulize tena, kwa kuwa bado hajasikia vizuri.

Akisha kuuliza, yu huru kuwaacha wawe wakali. Yu huru kuwafanya wavamizi, walaji wa watu, watumishi wa mfalme dhalimu. Uovu uliochaguliwa ni uovu kweli, na kupigana nao ni kazi ya heshima. Asilokuwa na uhuru nalo ni kuandika uovu katika damu, kisha akaweka watoto pangoni, kisha akawakabidhi rafiki zake upanga na kuuita mchezo.

Watoto wale wamo bado katika chumba cha ndani cha pango, miaka zaidi ya 40 tangu kisa kile kilipochapishwa, na kila mara kitabu kinapofunguliwa wachezaji wapya husimama mlangoni mwao. Dadu ziko mkononi. Msimamizi ameuliza swali lake, naye anangoja. Kama dunia ilitungwa vizuri, kwa muda mfupi hapana atakayesema neno mezani. Na kimya hicho, cha watu wazima wakifikiri juu ya viumbe wasiokuwapo, ni katika mambo yaliyo bora ambayo mchezo waweza kuwapa.